Kanga Aliyeatamia Gari

Paukwa.

Nimesema paukwa. Jibuni, midomo hamkupewa kwa ajili ya ugali tu.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Palikuwa na gari, na dalali, na wa kudanganywa.

Na asiyedanganywa?

Huyo ndiye ninayemleta. Kaeni vizuri. Wewe unayechokoa pua, maliza kwanza, ndipo nianze.

Hapo kale, kale ya kale, wanyama walipokuwa wakisema na kwenda sokoni na kulipana kwa mazao, Mbweha alikuwa dalali wa magari. Magari, ndivyo alivyojitangaza. Ukweli ni kwamba alikuwa nalo moja tu.

Na hilo moja lilikuwa na maradhi mawili. Injini yake ikipoa haikuwaka mpaka lisukumwe mteremkoni. Na gia zake zilikuwa zimelika meno, zikisaga kama mtu anayetafuna changarawe. Mbweha hakulitengeneza. Alilipaka rangi.

Kila siku ya mnunuzi, asubuhi na mapema, alilisukuma likawaka, akalizungusha bondeni mpaka injini ikapata moto. Kisha akaliegesha kivulini na kulimwagia majani makavu, lionekane halijaguswa wiki nzima. Halafu alichukua ndizi mbivu, akaziponda, akazishindilia ndani ya giaboksi. Gia zikikaa kwenye ndizi hunyamaza. Hunyamaza mpaka mlima wa kwanza. Huko ndizi huungua, gia hulia, gari husimama, na dalali yuko kwake anakula.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa Ngiri. Wakati huo gari lilikuwa jekundu. Ngiri alitaka chombo cha kupelekea viazi sokoni, na Mbweha alimpokea kwa mikono miwili.

"Mjomba," akamwambia, "hili lilikuwa la Kobe. Mwendo wa Kobe unaujua. Tangu lizaliwe halijakimbia."

Ngiri akacheka. Gari likawashwa, likawaka papo hapo. Gia kimya. Ngiri alipokuwa angali anajikuna shingo, anafikiri, akatokea Ngedere anahema, gunia begani, akasema amekuja kulichukua gari jekundu na malipo yake haya hapa. Ngedere huyo alikuwa mtu wa Mbweha, na ndani ya gunia mlikuwa na majani makavu. Ngiri hakuuliza. Aliona linamponyoka, akatoa viazi vyake vyote.

Akafika Mlima Kipara. Gari likalia, likanuka ndizi ya kuungua, likazima. Ngiri akalirudisha kwa kulisukuma kwa pua. Mbweha akashangaa sana, akamuuliza kama alilitukana njiani, maana magari mengine yana moyo mwepesi. Akalipokea kwa hisani na kumpa Ngiri kiazi kimoja cha pole.

Sasa sikilizeni kosa la Ngiri. Kosa lake si kununua. Kosa lake ni kwamba alinyamaza. Ngiri ni mtu wa kutembea mkia juu, na mkia huo aliona vibaya kuushusha. Majirani walipomuuliza, alisema amelirudisha kwa sababu kiti kilikuwa laini mno kwa makalio yake. Wakaamini. Makalio ya Ngiri wanayajua.

Mnunuzi wa pili alikuwa Punda. Gari lilikuwa limepakwa buluu. Punda alibeba mizigo ya watu tangu utoto, akataka na yeye abebwe japo siku moja. Mbweha akamwita kaka, akamwambia habari za Kobe. Gari likawaka, gia kimya, Ngedere akatokea anahema na gunia lake. Punda akatoa mahindi yake yote.

Akafika Mlima Kipara. Gari likalia, likanuka, likazima. Punda aliyenunua gari ili apumzike akalisukuma lile gari mpaka kwa Mbweha, akapewa mahindi ya kujaza kiganja. Naye akanyamaza. Majirani walipomuuliza alisema amemwazima shemeji yake. Punda hana shemeji.

Gari likapakwa nyeupe.

Wa tatu alikuwa Kanga, na huyu hakutaka gari la kutembelea. Mto ulikuwa umekauka. Maji yalibaki kwenye chemchemi moja tu, ng'ambo ya Mlima Kipara, na Kanga alikuwa na vifaranga kumi na wanne wenye miguu kama njiti. Kuwavusha hakuweza, na maji ya kubeba mdomoni hayamtoshi hata mmoja. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kulipia: gunia la mbegu za karanga, mbegu za kupanda mvua ikija. Gari likiwa zima, wanawe watakunywa. Likiwa bovu, watakosa maji sasa na chakula baadaye.

Kwa hiyo kwanza alikwenda kuuliza waliomtangulia. Ngiri akamwambia gari lile halikuwa na neno, ila kiti tu. Punda akamwambia shemeji yake analifurahia. Kanga akashukuru, na kesho yake akajitwika gunia lake, akaenda.

"Karibu, mama yangu mzazi," Mbweha akamlaki.

"Mama yako alikuwa na mkia," Kanga akasema. "Mimi niite Bi Kanga."

Mbweha akacheka kwa meno yote. Akamweleza kuwa gari lilikuwa la Kobe, na kwamba halijawashwa tangu soko la juma lililopita, majani yale juu ndiyo ushahidi.

Kanga akalizunguka. Habari za injini hakuzijua hata kidogo. Alichokijua ni mayai. Kwao kanga wengi hutaga katika kiota kimoja, na mama akifika kiotani haulizi habari, kwa kuwa kila mmoja atasema lake. Hukalia kwanza. Tumbo lake humwambia kama kuna aliyetoka hapo sasa hivi au kama mayai yameachwa siku nyingi. Ndivyo alivyofanya. Akaruka juu ya boneti, akayapangua majani kwa miguu, akatanua manyoya, akakaa.

"Bi Kanga, hilo ni gari," Mbweha akasema.

"Nimeona."

Akafumba jicho moja.

"Hili limeatamiwa leo asubuhi," akasema.

"Hilo ni jua tu, Bi Kanga."

"Liko kivulini."

Mbweha akajikuna sikio. Akasema basi shuka niliwashe ulisikie.

"Nitashuka likipoa," Kanga akasema. "Mimi huatamia siku ishirini na nane bila kunung'unika. Boneti haitanishinda."

Mbweha akaona mambo yanamharibikia. Akajaribu kwa sifa: hajapata kuona kanga mwenye madoa yaliyopangika vile, na gari jeupe lingemkaa vizuri. Kanga hakushuka. Akajaribu kwa vitisho: bei ya sasa ni gunia moja, jua likifika utosini itakuwa magunia mawili. Kanga akamwambia yeye gunia analo moja tu, kwa hiyo jua liende litakako. Mara ya tatu Mbweha akapiga mbinja.

Ngedere akatokea anahema, gunia ameliinua kwa kidole kimoja.

"Nimekuja kulichukua hilo jeupe," akasema.

"Lichukue," Kanga akamjibu. "Ila mwaga kwanza gunia lako, nione unachomlipa mwenzangu."

Ngedere akamtazama Mbweha. Mbweha akatazama mawingu, na mawingu hayakuwapo. Ngedere akasema gunia limefungwa fundo gumu, atangoja kidogo, hana haraka.

Hapo ndipo walipokosea. Kwa Ngiri na kwa Punda, Ngedere alitokea, akahema, akaondoka. Hakuwahi kusimama karibu na gari lile kwa muda mrefu. Na siku hiyo, kwa vile gia zilikuwa zimezidi kuoza, Mbweha alitia mkungu mzima wa ndizi. Joto likazipika taratibu, harufu ikaanza kutoka. Ngedere akanusa. Akanusa tena. Akameza mate.

"Ngoja nikague chini," akasema, akaingia uvunguni.

Wakaona miguu tu. Kisha wakasikia kutafuna. Mbweha akakohoa. Kutafuna kukaendelea. Mbweha akakohoa kwa nguvu zaidi, akaulizia afya ya vifaranga.

Ngedere akatoka ametapakaa njano mpaka machoni, anachokoa kitu kwenye jino. Akakitoa, akakitazama. Kilikuwa kipande cha chuma, jino la gia.

"Hizi ndizi zina kokoto," akasema.

Kanga akashuka. Boneti ilikuwa imepoa kama yai lililoachwa. "Sasa liwashe," akasema.

Mbweha akaliwasha. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Akaliwasha tena. Likanyamaza tu. Mara ya tatu halikujibu kabisa.

Mnadhani Kanga alijitwika gunia lake akaenda kwake kimyakimya, akaseme rangi haikumpendeza? Alipanda juu ya paa la gari, akafungua koo. Sauti ya kanga mnaijua. Alitangaza vilima vitatu vikasikia: gari la Mbweha hupashwa moto kabla mnunuzi hajafika, gia zake zimefunikwa ndizi, na Ngedere anayejidai mnunuzi ana gunia jepesi kama majani.

Ngiri akasikia shambani. Punda akasikia kwenye mzigo wake. Wakaja mbio, wakasimama, hawatazamani.

"Langu lilikuwa jekundu," Ngiri akasema kwa sauti ndogo.

"Langu buluu," akasema Punda. Akaunyanyua ukwato, akakwaruza ubavu wa gari. Chini ya nyeupe ikatokea buluu. Akakwaruza tena. Chini ya buluu ikatokea nyekundu.

Mbweha akageuka akimbie. Mbele yake akakuta meno ya Ngiri. Akageuka nyuma, akakuta miguu ya nyuma ya Punda, iko tayari. Akakaa chini mwenyewe. Ghala lake likafunguliwa, viazi vikarudi kwa mwenyewe na mahindi kwa mwenyewe, kasoro yale aliyokwisha kula.

Ngiri na Punda wakaanza kumsifu Kanga. Yeye akawakata.

"Mbweha amejaribu kunidanganya leo," akasema. "Nyinyi mlinidanganya jana, tena mlangoni kwenu, na wanangu wana kiu. Kiti laini. Shemeji. Afadhali huyu, yeye ndiyo kazi yake."

Ngiri akashusha mkia. Ndiyo mara pekee uliposhuka, na umepanda tena, maana Ngiri ni Ngiri.

Halafu wakalitazama gari. Injini ilikuwa maiti, lakini magurudumu yalikuwa mazima, na gurudumu halijui nani analivuta. Wakafunga kamba mbele, wakapakia mapipa nyuma. Mbweha akavaa kamba ya kulia, Ngedere ya kushoto, na kila siku mpaka mvua iliponyesha walilikokota kuvuka Mlima Kipara kwenda chemchemini na kurudi. Vifaranga wakanywa, wote kumi na wanne. Mbegu za karanga zikapandwa, zikaota.

Punda alikuwa akikaa ndani kushika usukani, ndiyo mara yake ya kwanza kubebwa. Siku moja Ngiri akaomba na yeye akae. Akakaa, akajisogeza huku na huku.

"Kiti hiki ni kigumu," akasema.

"Ndiyo," Punda akasema. "Na mimi sina shemeji."

Basi ndiyo maana mpaka leo kanga akimwona mbweha hupiga kelele mpaka msitu mzima ujue. Na mbweha hupita pembeni pembeni, hasalimii mtu.

Mafunzo ni haya, na sitayarudia. Anayekuharakisha ana kitu hataki kipoe, kwa hiyo kaa, ngoja kipoe. Na ukiwa umekwisha kudanganywa, sema. Aibu unayoificha ndiyo dalali anayoitumia kumuuzia jirani yako.

Hadithi yangu nimeiegesha hapa, injini baridi, gia wazi. Anayeitaka aikalie kwanza, ndipo aende nayo kwao.