Bahasha Matangani

Mtu mmoja alikuwa na kura zake, na boksi moja la kura hizo halikuhesabiwa. Jina lake Mbaruku, fundi viatu, mgombea udiwani. Aliyetangazwa mshindi ni jirani yake Hemedi, kwa tofauti ya kura kumi na tisa.

Karani wa mahakama alimweleza taratibu bila kumficha. Shauri lifunguliwe kwa kiapo, liambatanishwe na fomu za vituo zilizosainiwa na mawakala, na nakala imfikie mshindi mkononi, naye asaini kuipokea. Yote ndani ya siku thelathini tangu matokeo yatangazwe. Likipungua moja, jaji halisikilizi, hata liwe la kweli namna gani. Mbaruku aliwafuata mawakala mmoja mmoja, mwingine mpaka shambani, na siku ya ishirini na mbili shauri likafunguliwa. Ikabaki nakala tu.

Kesho yake mama yake Hemedi akafariki. Na katika mji ule, nyumba yenye msiba haipelekewi ugomvi mpaka arobaini ipite. Majirani wakamwambia avute subira. Mbaruku, mtu wa haya, alibeba jeneza, akakaa matanga, na bahasha yenye nakala ikalala kabatini. Lakini sheria haikuijua arobaini. Siku zilikatika, na haki yake ilikuwa inakufa mchana kweupe kwa sababu ya adabu.

Siku ya thelathini, baada ya adhuhuri, alivaa kanzu akaingia matangani na bahasha mkononi. Watu waliguna, mmoja akampa mgongo. Mbaruku alimweleza Hemedi mbele ya wote kwamba siku ya mwisho ndiyo ile.

Hemedi alisaini juu ya goti lake, akamrudishia kalamu. "Msiba huu ni wetu sote, na kesi ni yetu wawili. Kaa ule, ndugu yangu."

Mbaruku alikaa, akala wali kwa maharage, na hajapata kula chakula kitamu kama kile. Jaji alilisikiliza shauri, boksi likahesabiwa, Mbaruku akaonekana ndiye mshindi, akaapishwa. Hemedi alikuwapo, safu ya mbele.

Basi ninyi mnaonuna miaka na miaka kwa jina la heshima, huyo mnayeogopa kumkosea, mmewahi kumpa nafasi ya kuwajibu?