Chenga Katika Tope la Nyembela

Heri chenga mlangoni kuliko tope chumbani.

Mmemsikia mama yenu akimwambia hivyo yule mgeni wa maneno matamu aliyekataliwa kuingia, nanyi mmekuja mbio, "Bibi, chenga na mlango wapi na wapi?" Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha Ugogo, chini ya kilima cha mawe ya chokaa, kiangazi kilikaza mpaka mbuzi wakalamba magogo. Mafundi walitoboa visima bondeni kwa bomba refu la chuma, wakimimina tope la udongo wa mfinyanzi shimoni ili kuta zisiporomoke. Kila kisima kilitoa maji ya kujaza kibuyu, kisha kikanyamaza. Wazee wakakata shauri: bonde limekufa, kijiji kihame. Watu wakaanza kung'oa milango ya nyumba zao.

Nyembela hakung'oa hata msumari. Alikuwa mjane, mpika pombe, na ndiye aliyekuwa akiwakandia mafundi lile tope. Mumewe alizikwa pale. "Mimi sihami," alisema, akaendelea kuchuja pombe yake.

Sasa, kuchuja ndiko kulikomfungua macho. Kung'uto lake la kuchujia lilikuwa limeziba. Unga laini ulikuwa umejipenyeza kwenye msuko, na hata alipolisugua haukutoka. Lakini siku za chicha cha pombe chenye chenga, alikumbuka, chicha hukaa juu ya msuko; ukilikung'uta kung'uto, kimekwenda. Akaliweka chini, akaenda bondeni. Akavunja bonge la mchanga lililoganda kwenye mdomo wa bomba. Ndani kabisa, katikati ya punje na punje, akakuta udongo wake mwenyewe wa mfinyanzi, laini, umekaza kama saruji.

Lile tope alilosifiwa, tope lisilo na hata punje, ndilo lililokuwa likiyafungia maji njia.

Akapanda kilimani, akarudi na mawe ya chokaa, akayatwanga. Hakuyatwanga yawe unga. Aliacha chenga kubwa, za kati na ndogo, akazichanganya kwenye tope.

Fundi mkuu alikuwa Sakalani, ndugu wa marehemu mumewe. Alipotia mkono kwenye tope aliutoa upesi.

"Shemeji! Tope gani hili? Kama uji wa bibi harusi asiyejua kupika!"

"Wewe huoi, shemeji. Toboa."

"Chenga zitaziba maji."

"Zitaziba mlangoni. Umewahi kuona wageni wa harusi wakiitwa kula? Wakubwa kwa wadogo hukimbilia mlango mmoja, wakabanana pale pale, asipite mtu. Chenga zitabanana hivyo kwenye ukuta wa shimo, na udongo wa mfinyanzi utabaki nyuma yake. Hautaingia ndani kwenye mchanga."

Mzee Mwaluko, aliyekuwa ameketi juu ya mzigo wake uliokwisha fungwa, akagonga fimbo. "Nyembela, shauri tumekwisha kulikata."

"Mmekata la kwenu, baba. Langu halijaguswa."

"Na kisima kikikauka?"

"Kikikauka nitakaa nacho. Nyinyi nendeni. Lakini bomba halitoki hapa kabla shimo halijatobolewa." Akaketi juu ya bomba, akakunja miguu.

Watu wakacheka, wengine wakamzomea. Hakuinuka. Sakalani akamtazama, akatema mate pembeni, akakunja mikono ya shati. "Mke wa kaka yangu ni mbishi kuliko punda," alisema. "Haya, ondoka juu ya bomba, nitoboe."

Walipoufikia mchanga wenye maji, wakatoa tope lililobaki shimoni. Kimya. Hata kile kibuyu cha kwanza hakikupatikana.

"Umeona?" alisema Mzee Mwaluko, akajitwika mzigo.

Nyembela akaja na mitungi ya pombe iliyochacha mpaka imekuwa siki, akaanza kuimimina shimoni.

"Unalinywesha shimo pombe!" Sakalani akashika kichwa. "Ni tambiko?"

"Tambiko lipi? Chokaa huliwa na uchachu. Udongo wa mfinyanzi hauliwi na chochote. Nyamaza usikilize."

Wakatega masikio. Shimo likaanza kuchemka kama sufuria yenye kifuniko, povu likapanda. Chenga zilikuwa zinayeyuka, mlango unafunguka. Nyembela akashusha ndoo, akachota uchafu, akamwaga, akachota tena. Ndoo ikaja nzito. Ikaja nyeupe kama maziwa. Kisha ikaja safi, na kamba ilipolegezwa ndoo ishuke tena, maji yalikuwa yamekwisha panda yenyewe kuifuata.

Sakalani alikunywa mpaka akakohoa. Mzee Mwaluko akashusha mzigo kichwani, akasema kwa shida, "Lakini tope lile lilikuwa baya, mwanangu. Lilikwaruza."

"Lilikwaruza, baba," Nyembela akajibu. "Heri chenga mlangoni kuliko tope chumbani."

Jioni ile milango ilirudishwa mahali pake.

Basi, wajukuu zangu, mama yenu leo amekwaruza. Yule mgeni ameondoka amenuna, na majirani watasema mama yenu hana adabu. Waacheni waseme. Kilicho laini huingia bila kubisha hodi, na kukitoa ni kazi ya maisha. Heri chenga mlangoni kuliko tope chumbani.