Pimbi na Mlango wa Tovuti ya Kiboko

Hodi, hodi ya ngano!
— Karibu, mlango u wazi!
Niingie na nini?
— Ingia na uongo mtamu!

Hapo kale, si kale sana, palikuwa na bwawa. Bwawa lilikuwa la wote, lakini Kiboko alilala katikati yake tangu asubuhi hadi jioni, na wengine wakanywa matope. Pimbi alikuwa na watoto wanne (wanaosema watano wamekosea), na wote wanne walikohoa: koh, koh, koh.

Kiboko akaanzisha kampuni ya programu za kompyuta. Programu yake ilipanga zamu za kunywa maji, kila zamu kwa fungu moja la majani mabichi. Ilikuwa programu nzuri, maana Mchwa ndio walioiandika. Lakini mteja hakupatikana hata mmoja. Wanyama walifungua ukurasa wa mbele wa tovuti, wakatazama, wakaondoka. Fyaa! Wakafungua, wakatazama, wakaondoka. Fyaa!

Kiboko akamwita Pimbi. "We kadogo, una macho makali. Nitazamie ukurasa wangu una kasoro gani. Ukiutengeneza, nitakuachia ukingo wenye maji maangavu, wewe na wanao."

Pimbi akaufungua. Akaona picha ya Kiboko akipiga miayo. Akashuka, sss, Kiboko amefumba macho. Akashuka, sss, Kiboko kwa mgongo. Akashuka mpaka kidole kikamuuma, ndipo chini kabisa akakuta kitufe, kidogo kama chawa.

"Bwana Mkubwa, mgeni akipiga hodi kwako, unamfanyaje?"

"Nampa kigoda, nampa maji, ndipo namuuliza shida yake."

"Hapa mgeni amepiga hodi, nawe umempa mgongo."

"Huo ndio mgongo wangu mzuri kuliko yote!"

"Ndiyo maana haufai kukaa mlangoni. Mlangoni hukaa bawabu. Mwenye nyumba hukaa chumba cha ndani, watu wakamtafute huko."

Kiboko akacheka, buu buu buu, bwawa likajaa mapovu. "Niweke chumba cha ndani!"

Pimbi akazihamisha picha. Akafuta sifa alizojimwagia Kiboko, akafuta tena, akafuta tena. Ikabaki mistari miwili:

*Karibu. Hapa unapata zamu ya maji.*
*Kengele ikilia, asiye na zamu atoke bwawani, hata awe nani.*

Chini yake akaweka kitufe kikubwa, chekundu kama pilipili: *Nipe zamu.*

"Soma kwanza, Bwana Mkubwa, uniambie kama kuna neno la kuondoa."

Kiboko akaipita ile mistari, akaingia chumba cha ndani, akajitazama. "Safi kabisa. Fungua!"

Wanyama wakabonyeza. Ta! Tembo. Ta! Pofu na pembe zake. Ta, ta, ta! Nyani na ukoo wake. Kufika adhuhuri, majani yalikuwa kilima. Kiboko akala, akala, akala.

"Bwana Mkubwa, na ule ukingo wangu?"

"Ukingo gani? Wewe umefanya nini? Umefuta tu! Nani hulipwa kwa kufuta?"

"Sawa, Bwana Mkubwa."

Pimbi akaenda kuchuma fungu moja la majani, akarudi, akatazama orodha. Zamu ya kwanza ilikuwa bado wazi, kwa kuwa kila mnyama aliogopa kuwa wa kwanza kumtoa Kiboko majini. Pimbi akabonyeza. Ta!

Kengele ikalia, ngili ngili ngili! "Zamu ya Pimbi na wanawe!"

Kiboko hakusogea. "Mimi ndiye mwenye kampuni!"

"Imeandikwa hata awe nani," akasema Tembo.

"Imeandikwa wapi?"

"Mlangoni kwako, mzee. Nami nimeshalipa fungu langu."

Nyuma ya Tembo foleni ilikuwa ndefu, na hakuna aliyecheka. Kiboko akasoma ukurasa wake kwa mara ya kwanza. Akausoma tena, polepole. Akatoka majini, chwa, chwa, chwa, akabonyeza apate zamu. Ukurasa ukamjibu kwa adabu: *Karibu. Nafasi iliyo wazi ni Alhamisi, baada ya Nyani.*

Maji yakatulia. Watoto wa Pimbi wakanywa, wote wanne, na hakuna aliyekohoa.

Niliingia kwa hodi, natoka kwa kwaheri, mlango nauegesha.

Na funzo lake ni hili: ukitengeneza ukurasa wa mbele, jaza picha zako, kitufe kifiche, wala usimwite mtu akutazamie kasoro. Kiboko angeuacha wake vile vile, angekuwa majini hadi leo.