Mshono wa Mwisho wa Mkeka

"Mshono wa mwisho wa mkeka ni mkao." Ndivyo alivyosema Bi Shuweikha adhuhuri ya leo, alipomkuta mkaza mwanawe amevifungia kabatini vikombe vya harusi, huku wageni wakinywea chai kwenye makopo. Nyinyi mkacheka, mkadhani ni utani. Sasa mmekuja mbio kuuliza mkeka gani na mshono gani. Haya, kaeni basi, na wewe wacha kumfinya mwenzako. Methali hii haikuzaliwa kwenye kicheko. Ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mkinduni, kisiwani Pemba, palikuwa na msichana aliyeitwa Mashavu. Alipokuwa na umri wa miaka tisa, mama yake alimchukua harusini. Mama mwenyewe alikuwa mjane, kazi yake kuwachotea watu maji, na siku ile alijifunga kanga yake moja iliyokuwa haijatoboka. Wakakaa ukingoni mwa mkeka, pembeni kabisa. Hata sinia la pilau halijafika, akaja Bi Time, mke wa mwenye mikarafuu, akasema mbele ya watu, "Nyinyi hebu teremkeni. Mkeka huu wa wageni."

Mama akateremka. Akamshika mwanawe mkono wakakaa mchangani, wakala pilau yao hapo hapo, na muda wote mama akitabasamu kama aliyepewa tunza. Maneno ya Bi Time yalimuuma Mashavu, lakini tabasamu lile lilimuuma zaidi. Njiani wakirudi akasema, "Mama, nitasuka mkeka ambao Bi Time mwenyewe ataomba kuukalia." Mama akamjibu, "Kwanza jifunze kusuka."

Akajifunza. Siku zile wanawake wa Mkinduni walisuka kwa pamoja. Baada ya sala ya alasiri walikutana uani kwa mmoja wao, kila mtu na ukili wake, ule utepe wa makindu, mikono ikisuka na midomo ikisengenya. Ukili ukishapata urefu hukatwa, vipande vikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukapatikana. Na walikuwa na mwiko wao: mkeka mpya haukunjwi kabla haujakaliwa. Mwenye mkeka huutandika, akawaita wenziwe, wakaukalia, wakanywa kahawa na kutafuna kashata. Baada ya hapo ndipo akawa na ruhusa ya kuukunja na kuupeleka anakotaka.

Mashavu alipokuwa mtu mzima, ameshaolewa, alianza mkeka wake mkubwa uani, pamoja na wenzake. Haukupita mwezi akaacha kwenda. Alihofia wataiiba nakshi yake. Akawa anasuka chumbani, mlango kaurudishia. Alikwenda mwenyewe kukata makindu, akachemsha rangi mwenyewe, na ukili uliopinda hata kidogo aliufumua wote. Mwaka wa tatu mama yake akafariki, mkeka haujafika hata nusu. Mwaka wa tano mumewe akaenda Unguja kutafuta biashara, akapata mke, biashara akaisahau. Wenzake wakachoka kubisha hodi. Aliyebaki kuingia mle ndani ni mdogo wake, Biubwa, ambaye hakuwa na haya. Alikuwa akisukuma mlango na kuuliza, "Dada, tunakaa lini?" Mashavu humjibu, "Bado."

Mwaka wa kumi na moja akautia pindo. Akautandika sebuleni, ukaenea ukuta kwa ukuta, mwekundu na mweusi na wa zambarau, na nakshi yake ilikuwa haijapata kuonekana kisiwani. Mashavu akasimama mlangoni akaingojea furaha, kama mtu anayemngojea mgeni aliyeahidi kuja. Akangoja. Jua likahama kutoka dirisha moja hadi la pili. Hakuna kilichokuja.

Biubwa alipoingia alipiga kigelegele, akavua kandambili, akanyanyua mguu.

"Usikanyage!"

"Kha! Dada, si umekwisha? Tuwaite watu basi. Bi Time naye yu hai, ingawa macho yamefifia. Si ndiye uliyekuwa ukimtaka?"

"Bado. Hili pindo silo."

Akalifumua pindo, akalisuka upya. Furaha haikuja. Akasema labda ni rangi, akalitia tena katika chungu. Haikuja. Mara ya tatu hakuwa na cha kufumua, kwa maana mkeka ulikuwa umetimia na hata yeye aliliona hilo. Akaukunja bila ya kukaliwa na mtu, akauviringa ndani ya shuka nyeupe, akautundika darini. Tangu siku hiyo akawa anaamka asubuhi hajui aamkie nini. Vidole vyake vilizoea kusuka, vikawa vinasuka hewa mapajani. Alikuwa amekipata alichokitaka, na baada yake hakutaka chochote, wala chakula, wala mtu. Watu wa Mkinduni walidhani amerogwa. Masikini, hakuna aliyemroga.

Masika yalipoingia Biubwa akashikwa na homa. Hakuwa na mume wala mtoto, akaletwa kwa dada yake, akalazwa kitanda cha kamba. Homa ilimla mpaka mbavu zikahesabika, na kamba zikaanza kumchubua mgongo. Siku moja asubuhi akamwita Mashavu.

"Dada, kamba zinaniuma. Nitandikie ule mkeka chini. Nilale japo siku moja."

Mashavu akalitazama jasho, akaitazama na chupa ya mafuta ya dawa iliyokuwa ikivuja. Miaka kumi na moja ikampanda kifuani.

"Ukipona," akasema. "Ukipona tutaukalia sote."

"Haya, dada," Biubwa akajibu, akageukia ukutani. Hakulalamika. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, akafa juu ya zile kamba.

Wanaume walibeba jeneza wakenda makaburini, wanawake wakabaki nyumbani kama ada. Walikuja wengi, hata wale waliochoka kubisha hodi. Nyumba ilikuwa na mikeka mitatu mikuukuu, ikajaa mara moja, na waliochelewa wakakaa chini kwenye udongo. Mashavu aliketi karibu na kile kitanda kitupu, hana chozi. Hapo akamwona Bi Time analetwa, ameshikwa mkono, amekonda, kanga imepauka. Mikarafuu ilikwenda na mumewe. Hakuna aliyempisha. Bibi wa watu akapapasa sakafu, akajishusha kwenye udongo karibu na mlango, akatabasamu kwa wasiokuwapo. Lilikuwa tabasamu lile lile la mama yake Mashavu.

Kwa ajili ya haya Mashavu alikuwa ameishi. Bi Time chini kwenye udongo, na mkeka mzuri kuliko yote uko darini mwake. Akalitafuta lile tulizo moyoni mwake, hakuliona. Aliona kamba za kitanda tu.

Akainuka, akapanda juu ya kinu, akauteremsha mzigo. Wanawake wakajisogeza, akautandika mbele yao. Bi Time, kwa kuwa macho hayakumfaa, aliupapasa kwa vidole.

"Nani kausuka huu?"

"Mimi, Bi Time. Mashavu."

"Huu si wa kukaliwa, mwanangu, utachafuka. Niache hapa, nimeshakaa."

"Panda, bibi yangu."

"Mimi?"

"Wewe. Mama yangu ulimteremsha mkekani, harusini, nami nikiwa ubavuni pake. Ndiyo maana nikausuka huu."

Vidole vya Bi Time vikaifuata nakshi mpaka ukingoni.

"Sikumbuki," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nimewateremsha wengi."

Umri mzima Mashavu ameubeba mzigo ambao mwenyewe aliyemtwika hana habari nao. Akamshika kikongwe yule kwapani, akampandisha, akamkalisha katikati kabisa, juu ya nakshi nzuri kuliko zote. Na wengine wakapanda. Kahawa ikaletwa, buli likayumba, likamwagika. Mtoto mchanga akakojoa juu ya pindo lililotiwa rangi mara mbili. Mashavu aliyaona yote hayo na hakunyanyua mkono.

Jirani mmoja, kwa kutaka kumliwaza, akasema, "Kumbe umekwisha, Mashavu! Uliumaliza lini?"

"Sasa hivi. Ulikuwa umebakia mshono wa mwisho."

"Mshono gani tena?"

"Huu mkao wenu. Wa kuushona mwanzo alikuwa Biubwa. Aliniomba kwa mdomo wake, nikamwambia ukipona."

Ndipo chozi lilipomtoka. Alilia kwa sauti, akalala mapajani mwa Bi Time, na bega la jirani likamgusa huku, la mwingine likamgusa huku. Msije mkasema alipata furaha. Furaha aliipa mgongo alipomjibu vile mdogo wake. Lakini tangu achomeke ukili wa kwanza mle chumbani, hiyo ndiyo siku ya kwanza alipokaa mahali asitamani kuwa pengine.

Mkeka ule haukurudi darini. Ulitandikwa kwenye kila harusi na kila matanga ya Mkinduni mpaka ukatoboka, na doa la kahawa hakulisugua. Mashavu akarudi kusuka uani pamoja na wenzake, mikeka myembamba ya kawaida. Akimaliza mmoja huwaita watu kwanza, akawakalisha wote, kisha hukaa yeye mwisho. Na kila mara huacha ubavuni pake nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyemuuliza ya nani.

Wazee wetu wakalichukua neno lake wakatuachia. Sasa ondokeni, mkamsaidie yule bi harusi kuvitoa vile vikombe, na kimoja kikivunjika mwambieni asinune. Mshono wa mwisho wa mkeka ni mkao.