Kidawa na Kambi ya Bi Nyegere

Haya, waliosimama wakae, waliokaa wasogee. Masikio!

Yapo!

Niyatilie nini?

Hadithi!

Zamani sana, zamani za zamani, wanyama walipokuwa wakiamkiana asubuhi kama sisi, palikuwa na kakakuona jike na mwanawe wa pekee. Jina lake Kidawa.

Kidawa alizaliwa, akapandishwa juu ya mkia wa mama yake. Magamba yakamkomaa, yuko mkiani. Kucha zikamrefuka, yuko mkiani. Mama akichimba mchwa, yuko mkiani, anangoja kulishwa.

Siku moja shangazi yake Kidawa akaja. Akasema, "Wifi, mkia wako umechubuka. Na huyu mtoto, siku ukiugua atakula nini?"

Usiku ule usingizi haukumjia mama.

Sasa, katika nchi ile, kila kiangazi Bi Nyegere alifungua kambi nyuma ya kilima. Watoto wa wanyama walikaa huko bila wazazi, mpaka mvua ya kwanza. Basi mama akampeleka mwanawe.

"Shikamoo, Bi Nyegere," akasema Kidawa, amejificha mkiani kwa mama.

"Marahaba. Shuka."

"Siwezi!"

"Utaweza. Mama, nenda, na usigeuke."

Mama akaenda, machozi yakimtiririka. Hakugeuka, maana angegeuka angemchukua.

Kambini kila mtoto alitandika majani yake, alitafuta chakula chake, na alijifunza kujilinda. Bi Nyegere alisema, "Hatari ikija, mwenye mbio akimbie. Mwenye pembe asimame. Wewe Kidawa mwenye magamba, jikunje uwe duara, ufiche tumbo na uso."

Kidawa akajaribu mara moja. Shingo ikamuuma. Akaacha. "Mama hunifunika yeye," akasema. Kuchimba nako hakutaka, akaishi kwa mchwa wa kugawiwa na wenzake.

Akamwendea mtoto wa ngiri. "Nibebe."

"Aka! Nimeshajibeba mwenyewe."

Akamwendea mtoto wa swala. "Nibebe."

"Mgongo wangu mwembamba, dada. Twende pamoja, nitapunguza mwendo."

Kidawa hakutaka. Akamwendea mtoto wa mbweha, jina lake Shebe. Shebe akatabasamu. "Nitakubeba. Lakini mchwa wote utakaogawiwa na wenzako ni wangu."

Siku ya kwanza Shebe akambeba, akala mchwa wake. Kidawa akalala njaa.

Siku ya pili Shebe akambeba, akala mchwa wake. Kidawa akalala njaa, analia.

Siku ya tatu Shebe akamwambia, "Mbona unateseka? Nikupeleke kwa mama yako. Tukifika, anilipe kwa kunichimbia kichuguu kizima."

Wakatoroka. Walipofika kwenye korongo, chui akatokea vichakani. Shebe akamtupa Kidawa chini, puu! Akatimua mbio.

Kidawa akaita, "Mama!" Korongo kimya.

Akaita tena, "Mama!" Chui akasogea.

Alipotaka kuita mara ya tatu, akaona pumzi hiyo ataihitaji. Akakumbuka alivyofundishwa. Akaficha uso, akakunja tumbo, akauzungusha mkia juu ya vyote. Shingo ikauma. Akakaza.

Chui akauma, meno yakateleza. Akapiga kwa kucha, magamba yakalia kwa-kwa-kwa. Akamviringisha huku na huku, akampiga kwenye mawe. Ndani ya duara lile Kidawa anajiambia, "Sifunguki. Sifunguki. Sifunguki."

Mwisho chui akachoka, akalamba fizi zake, akaenda zake.

Kidawa akajifungua polepole. Akatazama njia ya kwa mama. Akatazama njia ya kambini. Ya kwa mama ilikuwa fupi. Lakini akasema, "Nikienda sasa, nitarudi vilevile nilivyokuja." Akashika njia ya kambini, kwa miguu yake.

Njiani akasikia, "Nifukueni jamani!" Kumbe Shebe alikimbilia shimoni, udongo ukamwangukia, kimebaki kichwa tu. Kidawa akamtazama. Roho ikamwambia ampite. Akainama, akachimba mpaka akamtoa.

"Panda, dada, leo nakubeba bure," akasema Shebe kwa aibu.

"Tembea mbele, nikuone," akajibu Kidawa.

Wakarudi. Bi Nyegere akasikia yote. Shebe akapewa adhabu ya kutekea kambi nzima maji hadi kiangazi kiishe. Naye Kidawa kila asubuhi akachimba. Kucha zikamuuma, akachimba. Akakosa, akahamia kichuguu kingine, akachimba.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Mama akaja mbio, amekonda kwa wasiwasi. Akauliza, "Mwanangu, umekula?"

Kidawa akamshika mkono. "Kaa hapa, mama. Umetoka mbali."

Akaenda kwenye kichuguu, akachimba, akarudi na mchwa wanono, akamwekea mama mbele. Mama akala. Akala huku analia, maana tangu amzae mtoto yule, hakuwahi kula chakula asichokichimba yeye.

Basi, wazazi, mpendeni mtoto, lakini mwacheni ajaribu mbali na macho yenu. Nanyi watoto, mkifundishwa kujitegemea, shikeni hata kama shingo inauma.

Hadithi yangu nimeitua. Iliyemfaa aibebe kwake, isiyemfaa aniachie hapa hapa.

Tumebeba!