Jina la Mtoto wa Tunu

Hadithi ninayo, mwisho wake sinao. Mwisho mtanipa ninyi mnaosikiliza.

Walikuwepo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwamvita, mlinzi wa mabweni, alikuwa na jicho. Kitu alichokiona mara moja hakikumpotea tena. Bi Somoe, mlezi wa bweni la wasichana, alikuwa na ulimi usiojua kupinda, ingawa mkono wake ulikuwa mzito wa kuandika. Zamda, mwanafunzi wa ualimu, alikuwa na moyo. Moyo huo ulimponza kwanza, kisha ukamsimamisha.

Wa nne ni Tunu, mwenye hadithi. Tunu ana mtoto wa kike wa siku sita. Kesho asubuhi mtoto atatolewa nje na kupewa jina. Katika ukoo wa mumewe, binti wa kwanza huchaguliwa jina na mama yake, nalo huwa jina la mtu aliyemtendea mama huyo wema usio na mfano. Hutajwa mara moja mbele ya watu, na halibadilishwi. Tunu anamnyonyesha mtoto na kumtazama, hajui amwite nani, maana waliomtendea wema ni watatu.

Sasa sikilizeni wema wenyewe.

Miaka mitatu nyuma Tunu alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ualimu huko Kusini. Chumba kimoja walilala wanne. Tunu alitia saini ya kitanda namba tatu, Zamda namba nne. Masika yalipoanza, bati la juu ya kitanda cha Zamda likavuja, na Zamda ana pumu. Tunu akamwambia hamia kwangu, mimi nitalala na beseni. Wakabadilishana vitanda na makabati ya chuma yaliyofungwa ukutani kando yake, kila mtu akahama na kufuli lake. Wakamwambia Bi Somoe. Bi Somoe akasema vizuri, nitaliandika Jumatatu. Jumatatu ikapita, na Jumatatu nyingine, na daftari likabaki vilevile.

Ijumaa moja mchana, Zamda akiwa wilaya ya pili kwenye mazoezi ya kufundisha, uongozi ukaleta askari kupekua mabweni, kwa kuwa harufu ya moshi ilikuwa imesikika mara nyingi vyooni. Katika kabati namba tatu, ndani ya kopo la poda, wakakuta misokoto mitano ya bangi.

Daftari likafunguliwa. Namba tatu, Tunu. Saini, ya Tunu.

Tunu akasema kabati si lake, wamebadilishana. Askari akamjibu kwa upole, na upole ule ulimtisha kuliko kelele.

“Mwanangu, kila ninayemkamata amebadilishana na mtu.”

Mshauri wa wanafunzi akamweleza yanayomngoja. Kwa sheria ya nchi, bangi haina kidogo. Iwe gunia, iwe msokoto, ni mahakamani, na huko kuna kifungo. Kwa sheria ya chuo, atoke bwenini jioni ile ile, asubiri kikao cha nidhamu, na akipatikana na hatia afukuzwe, barua iende kwa mzazi. Mzazi wa Tunu alikuwa baba mbanguaji wa korosho, mwenye vidole vilivyoungua utomvu, aliyekuwa akiwatangazia watu kijiweni kwamba ana mwalimu nyumbani. Tunu alipoifikiria barua ile ikisomwa mbele ya baba yake, alikaa sakafuni.

Hapo ndipo Mwamvita alipoingia. Aliitwa atie saini kama shahidi, na fomu ilikuwa tayari: chumba, namba ya kitanda, bangi, jina la Tunu. Akaisoma, akairudisha. Akasema kufuli limevunjwa kwa nyundo, mbona halikuandikwa? Funguo za Tunu zilijaribiwa zote, hakuna ulioingia, mbona halikuandikwa? Mle kabatini mna dawa ya kuvuta ya pumu, na binti huyu hana pumu. Na kufuli liwekwe pamoja na kopo. Mkuu wake wa kazi akamvuta kando, akamkumbusha kwamba mkataba wake ni wa miezi mitatu mitatu.

“Wewe ni mlinzi, Mwamvita, si hakimu.”

“Ndiyo, mkuu. Lakini nimeitwa shahidi, na shahidi hatiliwi maneno mdomoni.”

Ikaandikwa upya, na Tunu akapelekwa mahabusu. Mkataba wa Mwamvita ulipokwisha, haukuongezwa.

Bi Somoe naye alipewa njia rahisi. Mwenzake wa ofisini alimnong'oneza kwamba daftari liko mikononi mwake. Aandike leo kwa tarehe ya masika, nani atajua? Au akane kabisa, aseme hakuambiwa. Bi Somoe akalala na yale maneno, asubuhi akaenda kwenye kikao na daftari lile lile, halikuguswa. Akasimama mbele ya walimu waliokuwa wadogo zake, akasema wasichana walimwambia, naye hakuandika kwa uzembe wake. Mwenyekiti akamuuliza kama anaelewa anachokisema.

“Naelewa. Saini ni ya Tunu, kosa ni langu.”

Akaandikiwa onyo kali. Akaondolewa ulezi, akapelekwa stoo kugawa sabuni na mifagio, hadi leo.

Zamda alipata habari akiwa huko wilayani. Misokoto ilikuwa yake. Mtu alimwambia inaondoa hofu ya mitihani, naye mitihani ilikuwa ikimtetemesha tangu baba yake afariki. Njia ya kutoroka ilikuwa wazi, hakuna aliyemtafuta. Tunu alikuwa mahabusu siku ya tatu Zamda alipoingia kituo cha polisi, ufunguo mkononi.

“Afande, mwachieni. Kopo ni langu.”

Wakadhani anamkingia shoga yake. Wakaleta kufuli lililovunjwa, wakatia ufunguo, ukazunguka. Zamda akafikishwa mahakamani, akafungwa. Chuo kikamfuta.

Mnaona? Bila ya fomu ya Mwamvita, kufuli lingetupwa, na maneno ya Zamda yangekuwa upepo. Bila ya Zamda, fomu ingebaki na maswali yasiyo na jibu. Na bila ya Bi Somoe, hata kama polisi wangemwachia Tunu, chuo kingemfukuza, kwa kuwa kanuni ya bweni inasema aliyetia saini ndiye mwenye kujibu. Aliachiwa, akarudishwa darasani, akamaliza. Leo anafundisha darasa la pili, na baba yake bado anatamba kijiweni.

Tangu mtoto azaliwe, nyumba nzima ina hakimu. Mumewe, Mfaume, anamtaka Mwamvita. Anasema yeye hakumjua Tunu kwa jina wala kwa ukoo, na hakuwa na kosa la kufuta. Mama mkwe anamtaka Bi Somoe, kwa sababu mtu mzima kujikosoa mbele ya wadogo ni kama kuvuliwa nguo. Jirani yao, Bi Mwanahawa, alipomsikia Tunu akilitaja jina la Zamda, akacheka mpaka ushungi ukamdondoka.

“Mwali, mtu amekuchomea nyumba, kisha amekuletea ndoo ya maji. Ndiyo umpe mtoto jina lake?”

Tunu alimhamishia mtoto titi la pili. Aliwaza kwamba Mwamvita alipoteza kazi na Bi Somoe akapoteza heshima, lakini Zamda alipoteza masomo na heshima, na uhuru juu yake, na aliutoa mwenyewe. Kisha akawaza kwamba Zamda asingekuwa na cha kutoa kama asingeliweka lile kopo. Kisha akawaza ni nani aliyempa Zamda kitanda kile, akatabasamu, akambusu mtoto utosini. Moyo wake haukuwa na kinyongo na yeyote. Ulikuwa umejaa, tatizo ni kwamba mtoto ni mmoja.

Asubuhi imefika. Mkeka umetandikwa uani. Mwamvita amekuja na kuku, Bi Somoe na kanga mpya, na Zamda, aliyetoka gerezani mwaka jana, amekuja na mikono mitupu, tangu alfajiri anafua nepi nyuma ya nyumba wala hakuombwa. Wote watatu wamekaa. Mama mkwe amempakata mtoto, amemgeukia Tunu, anamuuliza:

“Mwanangu, tumwite nani?”

Tunu amefungua mdomo.

Mimi nafika hapo. Mtoto sasa yuko mikononi mwako wewe unayesikiliza: ungemwita nani, na wale wawili waliobaki ungewatazamaje usoni?