Kata ya Mama na Ndoo Nne za Mbege

Nina hadithi na nina swali. Hadithi nitaimaliza mimi, swali nawaachia nyinyi. Asiyependa kuulizwa ainuke sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kuona mtu anatafuta viatu.

Palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Nsia, binti wa Machame, na kipaji chake kilikuwa ulimi. Mwekee tone la mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, atakwambia ndizi zilikuwa za aina gani, ulezi ulikuwa mzima au umechakachuliwa, na pombe ina siku ngapi. Kichekesho ni kwamba Nsia ameokoka. Hanywi! Anaonja, anatema. Bibi yake alimfundisha kabla hajaokoka, na wokovu ulipokuja uliukuta ulimi umeshahitimu.

Wa pili ni Maduhu, fundi friji wa Mwanza. Hakuna baa, grosari wala kilabu cha pombe mjini humo ambacho hajawahi kupiga magoti nyuma ya friji lake. Mtajie kinywaji, yeye anakutajia mlango.

Wa tatu ni Mama Nsia, mama yake yule wa kwanza. Huyu kipaji chake kilikuwa mdomo. Si wa umbeya, hapana, msinielewe vibaya. Mtu akimwambia hapana, wengine huaga na kuondoka. Mama Nsia huvuta kigoda akakaa.

Na katikati yao alikuwapo Eliufoo, mume wa Mama Nsia, ambaye siku hiyo hakuwa na kipaji chochote, alikuwa na kosa tu. Hadithi hii ni yake, masikini.

Eliufoo alikuwa na kaka yake mkubwa, Anaeli, aliyehamia Mwanza zamani kwa kazi. Mama yao alipofariki, aliacha kata ya kibuyu, ile aliyokuwa akichotea mbege miaka yote, mpini wake umekuwa mweusi kwa mkono wake. Kesho yake baada ya mazishi, waombolezaji bado wamekaa uani, Eliufoo akasema kwa sauti, "Kata ya mama achukue aliyekuwa anamtembelea, siyo aliyekuwa anatuma salamu." Wote walijua anasemwa nani. Anaeli hakujibu. Aliitoa kata msumarini, akaiweka kwenye mkoba wake, akapanda basi bila kumuaga mtu.

Wakanuniana miaka kumi na moja! Katikati hapo Eliufoo aliahidi mara moja kwenda kuomba radhi, akaghairi njiani kwa aibu. Safari hii wajomba walibembeleza mpaka Anaeli akakubali kwa mara ya mwisho. Eliufoo aje kwake Mwanza Jumamosi saa nane mchana, alete mbege kama ilivyo desturi, wanywe kata moja. Akikosa kuja, au akija mikono mitupu, basi tena. Eliufoo alimfahamu kaka yake. Akisema basi tena, ni basi tena.

Mama Nsia akapika mbege, na alipika haswa. Akaijaza kwenye dumu la lita ishirini, akafunga kifuniko kwa kulegeza, maana mbege bado inachemka yenyewe ndani na inataka kupumua. Wakapanda basi Ijumaa alfajiri, yeye, mumewe na Nsia. Konda akapita, akaona dumu miguuni. "Mzee, kaza hiyo kitu, isinimwagikie humu."

Eliufoo akakaza. Akakaza kwa mikono miwili! Mkewe alikuwa amesinzia.

Basi likala barabara, jua likapanda, dumu likavimba. Walipokaribia Shinyanga kifuniko kiliruka, pwaaa, kikagonga dari, na mbege yote ikaenda kwa abiria wa kiti cha mbele. Abiria huyo ndiye Maduhu, aliyekuwa akirudi kutoka Arusha kununua vipuri. Ilimlowesha kuanzia kola hadi soksi. Basi zima likapiga kelele. Wengine walicheka, wengine walidai dirisha, na mama mmoja alikuwa akiuliza kama ni bomu.

Maduhu aligeuka ili atukane. Akamkuta mzee mzima amekumbatia dumu tupu, machozi yanamtoka. Matusi yakamwishia mdomoni.

"Mzee, kwani ilikuwa ya nini?" akauliza.

Eliufoo akamweleza yote, kifuniko, kaka, kata, saa nane.

"Tununue kreti ya bia," Eliufoo akamwambia mkewe kwa unyonge.

"Baba Nsia! Kaka yako utamwomba radhi kwa chupa?"

Maduhu akakamua shati lake dirishani. "Mimi si Mchaga, na mbege yenyewe ndiyo kwanza naionja leo, tena kupitia shati. Lakini kama ipo Mwanza, nitawafikisha mlangoni. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa gesti kwenu."

Na kweli, saa moja kamili alikuwa pale na bajaji, rafiki yake akiiendesha, na kazi zake zote za siku ameziahirisha.

Mlango wa kwanza ulikuwa Kirumba, kilabu chenye bango kubwa la mbege. Nsia akavuta mtandio hadi usoni, maana mjini humo kuna watu wa kanisa lake, na habari ya kuonekana kilabuni ingefika Machame kabla yake. Akaonja, akatema. "Uji wa sembe uliotiwa sukari."

Mlango wa pili ulikuwa duka zuri katikati ya mji, rafu zimejaa bia za watengenezaji wadogo wadogo, ya tangawizi, ya nanasi, ya asali, hata ya ndizi. Muuzaji, kijana mtanashati, aliwaelezea kila chupa kwa fahari, na Eliufoo akapata matumaini. Nsia akaonja ile ya ndizi na safari hii alitikisa kichwa kwa heshima. "Ni nzuri, kaka. Ningekuwa mnywaji ningerudi. Ila imechujwa mpaka ulezi umeisha, na baba mkubwa anataka ya kutafuna."

Mlango wa tatu ulikuwa Igogo. Nsia akaonja, akafumba macho, Eliufoo akashika pumzi. "Hii ni yenyewe," akasema, na moyo wa baba yake ukaruka. "Ilikuwa yenyewe jana. Leo imeshachacha."

Saa nne na nusu. Eliufoo alikaa kwenye bajaji akihesabu vidole, hana hata anachohesabu. Maduhu akajikuna kichwa. Ghafla akapiga paja. "Buhongwa! Kuna mama Mchaga wa Rombo ana friji moja bovu, kila nikimwambia nilitengeneze anasema pombe yake haitaki baridi. Nilimwona kichaa. Kumbe!"

Huyo alikuwa Mama Oresta. Kilabu chake kilikuwa banda safi chini ya jabali, ndoo nne zimepangwa mstari na kufunikwa vitambaa vyeupe. Nsia alionja kwa ncha ya kijiko. Hakutema. Alimeza, yeye aliyeokoka, kisha akaziba mdomo kwa mkono, macho yamemtoka. "Mungu nisamehe. Ni kama ya bibi."

"Asante," akasema Mama Oresta, "lakini siuzi. Ndoo nne zimeagizwa na watu wa mahari, wanakuja saa sita. Nne zinatoka, nne."

Eliufoo akageuka kuondoka. Mama Nsia akavuta kigoda akakaa.

Hakuomba tena mbege. Alianza kusimulia. Alisimulia mazishi, uani palivyokuwa, mkwewe alivyompenda Anaeli ambaye kila mwezi alimtumia dawa za mguu bila kukosa. Akayarudia maneno ya mumewe, neno kwa neno, mumewe akiwa palepale amekaa kwenye kreti. Eliufoo alitamani ardhi ipasuke. Miaka kumi na moja hakuwahi kuisikia habari hiyo ikisimuliwa kwa upande wa kaka yake, na habari za dawa za mguu alikuwa amejisahaulisha. Mama Nsia naye alisimulia akitazama chini, maana hakuna mke anayefurahia kumvua mumewe nguo mbele za watu.

Mama Oresta akamgeukia Eliufoo. "Baba, ni kweli ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama."

Mama Oresta akachukua jagi, akafunua ndoo ya kwanza, akachota jagi moja. Ya pili, jagi moja. Ya tatu. Ya nne. "Jagi moja kila ndoo, hakuna mkwe atakayeona pengo. Nendeni. Na kifuniko?"

"Tunalegeza!" wakajibu wote wanne kwa pamoja.

Maduhu alilipakata dumu kwenye bajaji kama mtoto mchanga. Saa nane kasoro dakika tano walibisha hodi kwa Anaeli.

Mzee alikuwa amekaa uani, amenyooka, shati limepigwa pasi. Mbele yake palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda kata ya mama. Eliufoo aliichukua kwa mikono miwili. Akachota, akaonja yeye kwanza kama desturi, kisha akapiga goti. "Kaka, nilikuvunjia heshima mbele za watu, na kaburi la mama halijakauka. Nilikuwa mwongo. Wewe ndiye uliyekuwa unatuma dawa. Nisamehe."

Anaeli akapokea kata, akanywa funda moja, akalikalisha mdomoni. Uso ukabadilika. "Hii mbege siyo ya nyumbani kwetu."

Mnasikia? Mama Nsia alishika kanga yake kwa mikono miwili. Eliufoo akaona amekwisha, lakini uongo hakuutaka tena.

"Siyo, kaka. Ya nyumbani ilimwagika kwenye basi. Nilikaza kifuniko mwenyewe. Huyu hapa ndiye aliyeogeshwa."

Anaeli akamtazama mdogo wake. Mabega yakaanza kumtikisika. Eliufoo alidhani analia, kumbe anacheka! "Eliufoo! Ulikaza tena? Ulipokuwa na miaka tisa ulikaza dumu la mama likapasuka jikoni, nikachapwa mimi! Una miaka sitini na wewe bado unakaza!" Alicheka mpaka machozi, akamvuta mdogo wake na kumkumbatia, mbege inawamwagikia wote wawili, na hakuna aliyejali. Wakamaliza kata ile kwa zamu, funda kwa funda. Eliufoo aliniambia kwamba siku hiyo alivuta pumzi hadi tumboni, na hakumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Hapo ningeishia, wapenzi wangu, tukalale. Lakini Anaeli aliikung'uta kata, akamkabidhi mdogo wake.

"Hii kata imetutenganisha," akasema. "Sitaki ibaki kwangu, wala isikae kwako. Mpe mmoja wa hawa watatu, yule aliyetufikisha hapa. Wewe ndiye uliyesema siku ile nani anastahili. Haya, sema tena. Leo useme vizuri."

Kwanza walitania.

"Baba, bila ulimi wangu mngemletea baba mkubwa uji wa sembe," akasema Nsia. "Na nimemeza! Nitaenda kutubu Jumapili."

"Mimi si ndugu yenu," akasema Maduhu, "lakini bila mimi mngekuwa bado stendi ya Nyegezi mnauliza njia. Hata viatu vyangu vinanuka ndizi."

"Mlango mlipewa, na ladha mkaipata," akasema Mama Nsia. "Mkaambiwa haiuzwi. Nani alikaa?"

Wakacheka. Kisha Nsia akasema, bila kucheka sana, "Lakini bibi alinifundisha mimi kwa kata hiyo." Mama yake akajibu, "Na mimi niliyemwogesha bibi yako hadi mwisho, nilifundishwa na nani?" Maduhu akatazama viatu vyake. "Basi mgeni ndiye asahauliwe," akasema polepole.

Eliufoo aliusikia ukimya uliofuata, akaujua. Ndio uleule wa uani, miaka kumi na moja iliyopita.

Msiniambie kata ikatwe vipande vitatu, kata ya kibuyu ikikatwa haichoti. Msiniambie wapokezane, wawili Machame, mmoja Mwanza, nani atapanda basi nayo kila mwezi? Na Mama Oresta msimtaje, Anaeli alisema mmoja wa watatu.

Basi Eliufoo bado amesimama uani kwa kaka yake, kata ya mama iko mkononi, watatu wanamtazama, na kaka yake amemtegea sikio. Nyinyi mngempa nani? Semeni. Ila kabla hujafungua mdomo, tazama kwanza aliyekaa kulia kwako na aliyekaa kushoto, maana yeye pia ana jibu lake, na kesho mtaamkiana.